Babu Alikuwa Mtu wa Mbalamwezi

Nilipokuwa mdogo, nikimuuliza bibi ni lini babu atalala nyumbani, hakunitajia siku wala tarehe. Alinishika mkono akanitoa uani, akaniinua kidevu nitazame juu. Mwezi ukiwa bado kijikucha, nilijua siku ni nyingi. Ukifika nusu, naanza kuhesabu kwa vidole. Siku ulipotoka mzima upande wa milimani, mwekundu kama sinia la shaba, mlango wa chumba cha babu ulifungwa kwa ndani usiku na sisi wajukuu tukalala tukimsikia akikoroma. Hakukuwa na sauti nzuri kuliko ile.

Babu alikuwa mvuvi wa dagaa Ujiji. Waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika hawahitaji kuambiwa maana yake, lakini nina wasomaji wa Tanga na Songea ambao dagaa wa Kigoma wanawajua wakiwa sokoni tu, wembamba, weupe, wasio na mchanga. Dagaa hawa huvuliwa gizani. Wavuvi hutoka jioni na kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu ukiwa katikati, na taa zikining'inia juu ya maji. Enzi za babu taa hizo zilikuwa karabai. Mwanga unavuta vijidudu vya majini, dagaa wanafuata vijidudu, migebuka nao wanawafuata dagaa. Wakishakusanyika vya kutosha, wavu unainuliwa taratibu kutoka chini. Mwezi ukiwa mpevu kazi inaharibika, kwa sababu ziwa zima lina mwanga na dagaa hawana haja ya kukusanyika mahali pamoja. Babu alikuwa akisema, "Hiyo ni karabai ya Mungu. Ikiwaka hiyo, nani ataitazama ya kwangu?"

Kwa hiyo kila mwezi kulikuwa na siku saba, nane, mara nyingine kumi, ambazo vipe vilivutwa nchi kavu. Wavuvi waliziita mbalamwezi, na wengi walizitumia walivyotaka wenyewe. Vilabu vya pombe vilijaa. Wapo waliokuwa na nyumba ya pili, na mbalamwezi ndiyo ilikuwa zamu yake. Siwahukumu, kazi ile ni ngumu. Lakini babu yangu alizichukua siku zile zote akatupa sisi, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka zaidi ya arobaini, na hilo ndilo ninalotaka kuliandika kabla halijaanza kufifia kichwani mwangu.

Siku za giza pia alirudi, tena kila asubuhi. Lakini alirudi akiwa ameisha. Alikuja jua likiwa limeshapanda, macho mekundu, nguo zikinuka mafuta ya taa na maji ya ziwa. Alikula kimya, akalala mpaka alasiri, akaamka, akashona nyavu, akaondoka. Tulifundishwa kutembea kwa ncha za vidole. Usiku tulipanda kilimani nyuma ya nyumba kutazama taa za wavuvi. Mgeni angedhani ni mji umejengwa juu ya maji, taa mamia kwa mamia mpaka upeo wa macho. Bibi alitunyooshea kidole: "Ile pale ndiyo karabai ya babu yenu. Mmeiona? Haya, ameshawaona, twendeni tukalale." Nilikuwa msichana mkubwa nilipotambua kwamba haiwezekani mtu kuijua taa moja kati ya zile zote. Sikumwambia bibi kwamba nimetambua.

Nimekulia kwao tangu nina miaka minne. Mama alirudi nyumbani mwaka 1992 akiwa na mimi mgongoni na sanduku moja, ndoa yake ikiwa imemshinda. Wazee wa upande ule walikuja kumdai, wakaambiwa wasubiri mbalamwezi. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, jambo lolote zito lilisubiri mbalamwezi: posa, ugomvi wa mashamba, ripoti za shule, nani alimtukana nani. Walipokuja wakakuta mkeka umetandikwa uani, chai imechemka, na babu amevaa kanzu. Mama ananiambia babu aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza hata mara moja. Kisha akasema, "Nilimwoza binti yangu, sikumuuza," akawakaribisha chakula. Hawakurudi tena. Mimi sikumbuki maneno hayo, ninachokumbuka ni kwamba nililala mapajani mwake na kanzu ilikuwa ikinuka udi.

Tangu siku ile nikawa mke wake. Watu wetu mnaelewa utani wa babu na mjukuu. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba mke mdogo, yule mkubwa amekasirikia nini leo?" Bibi naye aliniita mke mwenza, akinituma maji anasema tugawane kazi za mume wetu. Nilipokuwa darasa la pili nilimwambia mwalimu kwamba nimeolewa, akacheka mpaka akaketi.

Alimpata bibi kwa njia ya Liemba. Meli ile kwetu ni kama mzee wa ukoo. Wajerumani waliileta vipande vipande na kuiunga Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wasije wakaiacha mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikawa inasafiri tena. Babu alikuwa kijana kambini Kirando, kusini huko pwani ya Rukwa. Kirando hapakuwa na gati, Liemba ilisimama mbali na mitumbwi ikaenda kupokea abiria na mizigo. Babu na wenzake walipiga makasia kwa ujira mdogo siku ambazo hawakuvua. Siku moja alimshusha melini mama mmoja na binti yake, na binti akakataa kushikwa mkono, akaruka mwenyewe mtumbwini kama mvuvi. Akaoa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, akamleta Ujiji kwa Liemba ileile. Bibi alitapika njia nzima. Babu alimshikia beseni usiku kucha, na mabaharia walimcheka, mwanamume gani huyo. Alikuwa akisimulia kisa hiki kila alipopata mgeni, na mwisho wake ulikuwa mmoja: "Meli iliyofufuka ndiyo iliyoniletea mke. Ningeacha beseni limdondoke?"

Uani kwetu mbalamwezi ilikuwa na mpangilio wake. Taa haikuwashwa. Bibi alisonga ugali wa muhogo, babu akashika upande wa samaki, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na samaki. Akipata kuhe kwa wavuvi wa ndoano, au migebuka, anamkausha juu ya makaa, kisha anamtia kwenye mchuzi wa mawese wenye rangi ile ya machungwa inayobaki vidoleni mpaka kesho yake. Alikula wa mwisho. Kazi yake ilikuwa kumega minofu, kupapasa miiba kwa kidole gumba, na kuweka tonge la samaki mbele ya kila mtoto kwa zamu, kuanzia mdogo. Tulikuwa watoto kumi na moja nyumba ile, wengine wake, wengine wa watoto wake, mmoja si wa damu yetu. Huyu wa mwisho nitamrudia.

Baada ya kula ndipo alipofungua daftari. Mara moja kwa mwaka, kabla ya shule kufunguliwa, kila mtoto alikanyaga ukurasa wake na babu akachora mguu kuuzunguka kwa kalamu ya risasi. Kalamu ilitekenya kwenye unyayo na sote tulijua tutacheka, tukaanza kucheka kabla hajagusa. Pembeni aliandika mwaka. Halafu alikwenda na daftari soko la Mwanga, akaweka viatu juu ya michoro mmoja mmoja, akinunua kila pea kikubwa kwa upana wa kidole ili kidumu. Aliyemwuzia aliwahi kumwambia awalete watoto wenyewe wajaribu. Babu alijibu kwamba watoto kumi na mmoja wakiingia sokoni pamoja, kila mmoja atatamani, na yeye ana hela ya viatu, hana hela ya kutamani. Nilipokwenda sekondari aliuchana ukurasa wangu akanipa. Ninao mpaka leo. Kuna miguu yangu saba, mmoja ndani ya mwingine, kuanzia 1995, kama duara za mti uliokatwa.

Alitufundisha mafundo pia. Wavulana kwa wasichana, wote tulishona nyavu. Alikuwa mpole kwa makosa yote isipokuwa moja: kukata kamba iliyofungwa. "Kamba haikatwi, inafunguliwa," anasema, na ukishika kisu anakunyang'anya. Fundo lake mwenyewe lilikuwa gumu kuliko ya wengine wote. Angeweza kukaa nusu saa na fundo lililoloa, akilichokonoa kwa msumari, akizungumza mambo mengine kabisa. Kamba ikiachia, anaizungusha kwenye vidole vinne, anaitia mfukoni.

Kuna usiku wa mwaka 1997, mwishoni, zile mvua kubwa za El Niño. Upepo uligeuka saa za usiku wa manane. Asubuhi vipe vilirudi kimoja kimoja na cha babu hakikuwemo. Bibi alikwenda kuketi mchangani Kibirizi, kwa kuwa ndiko vingi vilikotupwa na mawimbi, akanichukua na mimi. Hakulia. Alikuwa akivunja vijiti, kimoja baada ya kingine, mpaka mchanga mbele yake ukajaa. Adhuhuri wakaletwa kwa boti ya watu wengine, watu sita kati ya saba. Wa saba alikuwa kijana aliyeanza kazi mwaka uleule, akiwa na mke na mtoto wa mwaka mmoja. Babu alishuka, akapita mbele ya bibi bila kumwona, akanishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akakaa chini. Sikuwahi kumwona akitetemeka kabla ya siku ile.

Mbalamwezi iliyofuata hakukaa uani. Alikwenda kwa mjane yule na nusu ya mgao wake. Akaenda mwezi wa pili, na wa tatu. Mama wa mtoto alipoolewa tena miaka miwili baadaye na mume mpya kutaka aende peke yake, babu alimleta mtoto kwetu akamchorea ukurasa kwenye daftari. Huyo ndiye niliyesema si wa damu yetu. Leo ana kipe chake mwenyewe, na ninapoandika neno baba mdogo humu, ndiye ninayemtaja, ingawa mimi ni mkubwa kwake kwa miaka minane. Kwa babu alikuwa mtoto, kwa hiyo kwangu ni baba. Hilo halikuwahi kujadiliwa.

Dunia inaijua Ujiji kwa sababu ya Livingstone na Stanley kukutana chini ya mwembe mwaka 1871. Tukiwa shule ya msingi tulipelekwa kwenye mnara ule, tukarudi tumekariri. Babu alinisikiliza, kisha akaniuliza nani aliwapikia siku ile. Sikujua. Akaniambia yeye katika habari ile anawapenda Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, waliomkausha mzee wao alipofia Chitambo mwaka 1873 na kumbeba kwa miguu miezi mingi, kupitia Unyanyembe kule Tabora, mpaka Bagamoyo, ili arudi kwa watu wake. "Kumtafuta mtu aliye hai, hata mimi naweza," alisema. "Kumrudisha kwao akiwa hana la kukulipa, hapo ndipo penye watu."

Mwaka 2003 bibi alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Babu aliuza kipe wiki ileile. Baba zangu walimwambia asubiri, hali huenda ikatengemaa, wataajiri mtu wa kumwangalia. Alijibu kwamba amelala nje maisha yake yote, sasa zamu yake ya kulala ndani imefika. Kwa miaka saba alimwogesha, akamgeuza, akamsuka nywele vibaya mpaka shangazi akawa anakuja kila Ijumaa kufumua na kusuka upya. Alipika. Mzee wa Ujiji kuonekana anachambua mchicha barazani, watu walisema, na aliwaamkia kwa adabu huku ungo ukiwa mapajani. Mbalamwezi ikifika alimbeba bibi mgongoni kama mtoto, akamketisha kwenye mkeka na mito kila upande, akammegea samaki. Maneno ya bibi yalikuwa yamepotea karibu yote. Lililobaki ni jina la babu la utotoni, ambalo sisi hatukulijua mpaka siku hizo, na sitaliandika hapa kwa sababu lilikuwa lao.

Bibi alifariki mwaka 2010. Kuanzia hapo babu alishona nyavu za watu kwa malipo ya dagaa.

Aliishi kuona mengi yakibadilika. Karabai ziliondoka, zikaja taa za betri na za sola. Maji yalipopanda mwaka 2020 na 2021 yalimeza sehemu kubwa ya ufukwe, pamoja na mahali zilipokuwa chanja za kuanikia. Dagaa walipungua, hilo alilalamikia kuliko yote. Alisema zamani mbalamwezi ilikuwa mapumziko ya mvuvi na ya ziwa pia, na sasa wapo wanaotoka hata mwezi ukiwa mzima. Serikali ilipotangaza kufunga uvuvi upande wetu wa ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024, watu wengi walikasirika, na walikuwa na haki ya kuogopa njaa. Babu alinipigia simu Dar es Salaam, sauti yake imechangamka kabisa. "Mke mdogo, ziwa limepewa mbalamwezi ya miezi mitatu!"

Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 5 Julai 2024, akiwa na miaka 84. Mwezi ulikuwa umekufa, Muharram haujaandama. Kwa hesabu ya kwetu ule ulikuwa usiku wa giza kabisa, usiku ambao kwa miaka yote mwanamume yeyote wa Ujiji mwenye nguvu angekuwa majini. Nilikuwa nimewahi kumfikiria babu akifa, kama wote tunavyofikiria na kujificha, na kila mara niliogopa kwamba atakufa siku za giza na atazikwa na wanawake na wazee. Baba mdogo alinipigia simu saa kumi alfajiri. Akasema, "Dada, njia haipitiki." Nilidhani ni mvua. Alikuwa anasema njia ya kwetu imejaa watu. Wavuvi wote walikuwa nyumbani. Wa Ujiji, wa Katonga, wa Kibirizi, walioambizana usiku uleule wakaja kwa miguu na kwa bodaboda. Alizikwa baada ya swala ya Ijumaa. Jeneza, wameniambia, halikukaa kwenye bega moja hatua tatu.

Mimi sikuwahi. Kutoka Dar mpaka mwisho wa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na basi nililopanda lilifika Jumapili jioni. Nilikwenda kaburini na shangazi, udongo bado mbichi. Usiku nikapanda kilimani peke yangu. Hapakuwa na taa hata moja ziwani. Sijawahi kuliona vile maishani mwangu, weusi mtupu mpaka mbinguni, na sauti ya mawimbi tu ikinijulisha kwamba kuna maji. Nilikaa pale mpaka nikapata baridi.

Niliomba ruhusa kazini nikabaki. Hakuna aliyenishawishi, nilitaka tu kuufikia mwezi mpevu wa Jumapili tarehe 21. Mama alikuja, baba zangu wakaja, na wale watoto kumi na moja tukawa tisa, mmoja akiwa ametangulia na mwingine akiwa Lubumbashi. Wazee wawili waliovua na babu walikuja bila kualikwa, wakaketi walipozoea. Mikeka ikatandikwa. Samaki wabichi hawakuwepo, ziwa limefungwa. Shangazi akaingia stoo akatoka anaburuta gunia.

Lilikuwa la dagaa wakavu. Babu aliwanunua mwanzoni mwa Mei, siku chache kabla ya kufungwa, akiba yake yote ya kushona nyavu imeishia humo. Shangazi alipomgombeza kwamba mtu mmoja hawezi kumaliza gunia, alimjibu, "Ziwa likifungwa na watu wakija, watakula nini?"

Mdomo wa gunia ulikuwa umefungwa kwa kamba ya wavu, fundo lake. Mmoja wa kaka zangu akanyanyuka kwenda jikoni kuchukua kisu, na watu kama watano wakamwambia kwa pamoja akae. Baba mdogo akalivuta gunia katikati ya miguu yake. Akaomba msumari. Wazee wakaendelea kuzungumza habari za upepo, chai ikapita mara mbili, mwezi ukatoka kwenye paa la jirani ukawa juu yetu kabisa. Kamba ilipoachia hakusema kitu. Aliizungusha kwenye vidole vinne, akaitia mfukoni. Shangazi akamimina dagaa kwenye ungo, tukasogea, tukaanza kuchambua.